Afisa wa Istilahi na Paa la Mkewe

Katika nchi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja kwa kuwa wenyewe tunaijua, jua huchomoza saa kumi na mbili asubuhi bila kukosa. Ndilo peke yake, katika watumishi wote wa umma, linalowahi kazini. Halijawahi kuomba ruhusa ya msiba, wala kumwambia mwananchi aje kesho. Kwa sababu hiyo Serikali ikalitilia mashaka, ikaliundia idara ya kulisimamia.

Umeme wa nchi hiyo, kwa upande wake, ulikuwa ukikatika. Ila haukuwa ukikatika rasmi, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Bwana Shaweji Mtambuka.

Shaweji alikuwa Afisa Mkuu wa Istilahi katika Shirika la Taifa la Mwangaza. Transfoma ikilipuka, mafundi walikimbilia kwenye transfoma, na Shaweji alikimbilia kwenye kamusi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba umeme haukatiki, bali unapumzika. Kabla yake Shirika lilikuwa likiwaambia watu "tunaomba radhi kwa usumbufu," maneno yaliyowakumbusha bure kwamba kuna usumbufu. Shaweji akaandika: "Mwangaza wenu umepumzika ili urudi na nguvu mpya." Mkurugenzi Mkuu, Dakta Ngwali, aliposoma sentensi ile alivua miwani, akasema, "Huyu mtu ametuongezea megawati."

Shaweji akavishwa Nishani ya Kalamu Tulivu. Neno "kukatika" likapigwa marufuku katika karatasi zote za Shirika, isipokuwa likikanushwa, na kuanzia siku hiyo ikaanza kuhesabiwa idadi ya siku ambazo umeme haujakatika nchini. Wakati mambo haya yanaanza, hesabu ilikuwa imefika siku mia tisa na sabini, na Shirika lilikuwa limeshashona sare za sherehe ya siku ya elfu moja.

Hakuwa mtu mbaya, Shaweji. Alijua vizuri anachokifanya na alijicheka mwenyewe, hasa asubuhi akiwa anaoga kwa kopo kwa sababu pampu ya maji nayo ilikuwa imepumzika. Lakini kujicheka bafuni hakujawahi kumfukuzisha mtu kazi, naye alilijua hilo pia.

*

Mkewe aliitwa Siwema. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka thelathini na mbili, na alipostaafu akanunua mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku la bati lenye kioo mbele, linalochukua mayai sitini. Mayai hayo yanataka joto la aina moja kwa siku ishirini na moja, usiku na mchana. Yai halielewi istilahi. Wanawake watatu wa mtaani walikuwa wameshajenga mabanda kwa mikono yao wakisubiri vifaranga vya Siwema, na kila wakikutana naye dukani waliuliza taratibu, kwa adabu, kama mtu anavyoulizia mgonjwa.

Mkupuo wa kwanza wa mayai ulikufa siku ya kumi na nne. Wa pili ukafika siku ya kumi na nane.

"Baba Shamsa," Siwema alimwambia mumewe siku hiyo wakiwa mezani, "mayai yamekufa tena."

"Yote?"

"Yote. Umeme umekatika tangu saa mbili asubuhi mpaka..."

"Umepumzika," alisema Shaweji. Hakukusudia. Ulimi ulikuwa umezoea.

Siwema aliweka kijiko chini. "Basi na mayai nayo yamepumzika," akasema. "Nataka tuweke sola."

Alikuwa ameshamwita fundi, na fundi alikuwa ameshapanda juu, akapima, akasema paa lao limelala vizuri na jua linalipiga kutwa. Paneli sita, betri, nyaya, kazi ya siku mbili. Kilichobaki ni kibali tu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Siwema, aliachiwa na baba yake, kwa hiyo kusema kweli hakuwa akiomba ruhusa. Alikuwa akimpa mumewe heshima ya kukubali.

Shaweji akasema ni jambo la kufikiria. Akalifikiria wiki nzima. Alichukua karatasi, akapiga mstari katikati, upande mmoja akaandika sababu za kuweka sola: mayai, pampu, jokofu, feni, amani ya ndoa. Upande wa pili akaandika sababu za kutoweka, na ikapatikana moja tu: *watu watasemaje*. Lakini aliiandika kwa herufi kubwa, ikajaza upande wote. Watasema msemaji wa umeme hauamini umeme. Watapita barabarani wakinyoosha vidole juu ya bati. Kila akitazama ile karatasi aliona pande mbili zimelingana, naye akajiona mtu mwenye kupima mambo kwa haki.

Siwema, aliyekuwa na miaka thelathini na mbili ya kuwangoja watoto wamalize hesabu, aliingiza mayai mengine sitini kwenye mashine na kumwambia, "Wewe endelea kufikiria. Mimi naomba kibali. Kama unanipenda, nisindikize."

*

Idara ya Usimamizi wa Jua ilikuwa kwenye jengo lisilo na madirisha, ili watumishi wasipendelee upande wowote. Mwombaji wa kibali alipokelewa na binti mmoja mpole aitwaye Salha, aliyekuwa akiandika kwa tochi ya simu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema Siwema. "Tunataka kuweka sola nyumbani."

"Kupokea jua kwa matumizi binafsi," alisahihisha Salha, bila ubaya. "Picha ya paa mmeleta? Paa liwe limetazama kamera. Hati ya nyumba? Vizuri. Sasa imebaki barua ya Shirika la Mwangaza, kuthibitisha kwamba umeme kwenu unakatika."

Shaweji, aliyekuwa amekaa nyuma ya mkewe na kofia yake ameishusha mpaka kwenye nyusi, alikohoa. "Na kama Shirika litaandika kwamba umeme unapumzika?"

"Hatupokei, mzee. Aliyepumzika anarudi kazini muda wowote, hatuwezi kumweka mwingine kwenye nafasi yake. Kanuni inataka neno kukatika. Liwe la wakati uliopita, liwe la wakati ujao, haijalishi, mradi lionekane."

"Na hiyo barua anaiandika nani?" aliuliza Siwema.

"Ofisi ya Istilahi. Kuna bwana mmoja pale." Salha akatabasamu kwenye mwanga wa tochi. "Tangu nianze kazi hapa hajamkubalia mtu hata mmoja. Lakini anaandika, mama, anaandika. Kuna watu wakishanyimwa wanaomba tena, ili tu wapate barua nyingine."

Shaweji aliona haya, na katikati ya haya hiyo akajikuta anataka kuuliza ni barua ipi hasa iliyopendwa. Hilo lilimtia haya zaidi.

Walipotoka nje, Siwema alimvuta mumewe mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Kisha akasema, "Basi tumepata bahati. Huyo bwana nalala naye."

*

Ombi la Siwema lilifika mezani kwa mumewe siku ya mia tisa na themanini na nane. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima, mistari imenyooka: *Ndugu Afisa, ninaomba uthibitisho kwamba umeme nyumbani kwangu hukatika. Wewe mwenyewe unajua.*

Shaweji alilisoma mara tatu. Alichukua kalamu, akaandika "Shirika linathibitisha kwamba," akasimama hapo. Saa hiyohiyo Dakta Ngwali akaingia na sampuli ya bango la sherehe mikononi, lina urefu wa watu wawili: SIKU ELFU MOJA BILA KUKATIKA.

"Mtambuka," alisema Mkurugenzi, "unaona hili? Hili ni lako. Mimi nimekata utepe tu kila mahali, lakini taa za nchi hii umeziwasha wewe. Nimeshapeleka jina lako kule juu."

"Ahsante, Mheshimiwa."

"Zimebaki siku kumi na mbili. Pasitokee mtu wa kutuchafulia hesabu."

Mkurugenzi akatoka. Shaweji akaitazama ile karatasi yenye maneno matatu, akaikunja, akaitia mfukoni. Akachukua karatasi nyingine na kuandika, kwa uchungu wa kweli na kwa ustadi wa kweli, barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Alipomaliza alijisomea kwa sauti ndogo, na mwishoni macho yake yakalowa kidogo. Kisha akaipeleka posta mwenyewe, akatia stempu, ili nyumbani ifike kama barua ya mtu mwingine.

Ilifika baada ya siku nne, wakati wa chakula cha mchana. Siwema aliifungua kwa kisu cha matunda na kuisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma insha za darasa la saba.

"'Ndugu Mpendwa. Kwa masikitiko yaliyojaa matumaini, Shirika limelipokea ombi lako na kulikumbatia. Hata hivyo, nyumbani kwako hakuna kilichokatika, isipokuwa subira...'"

Akarudi nyuma, akasoma tena kimyakimya.

"Watu wa ofisini hawa," alisema Shaweji akijimenyea chungwa. "Wagumu sana."

"Baba Shamsa. 'Masikitiko yaliyojaa matumaini.'"

"Ni lugha ya kiofisi."

"Uliniandikia maneno haya mwaka ule ulipokuja kunichumbia, ukachelewa siku mbili kwa ajili ya mafuriko. Barua ninayo kabatini. Nikuletee?"

Shaweji aliendelea kumenya chungwa mpaka likaisha maganda, akabaki ameshika chungwa tupu bila kujua la kulifanyia. Siwema hakugomba. Aliikunja ile barua vizuri na kuiweka juu ya mashine ya vifaranga, kisha akaenda kugeuza mayai yake, ambayo yalikuwa yamebakiza siku saba.

*

Jumapili iliyofuata, siku ya ishirini ya mayai na siku ya mia tisa na tisini na nane ya Shirika, umeme ulikatika saa mbili na nusu asubuhi. Siwema alisubiri nusu saa. Kisha akafunika mashine kwa mablanketi, akazungushia chupa za maji ya moto, akapima joto, akaona halitoshi. Akaja sebuleni, ambako Shaweji alikuwa akijaribu koti la sherehe, koti zito la sufu lenye nembo ya Shirika mfukoni.

"Lala hapo kwenye kochi," akamwambia.

"Nifanye nini?"

"Upumzike."

Shaweji akalala. Siwema akaleta mayai kwa kanga, moja moja, akampanga: manne kwapa la kulia, manne la kushoto, sita tumboni, mengine sita katikati ya mapaja, yote ishirini. Akamfunga vifungo vya koti mpaka shingoni na kumtandikia blanketi juu. Mayai arobaini yalibaki kwenye mashine na chupa zake.

"Usicheke, usikohoe, usigeuke," akasema. "Ukipiga chafya umeua."

Alikuwa amelala hivyo kwa saa moja na nusu, jasho linamtiririka masikioni, akiwaza kwamba hiki ndicho cheo cha kwanza maishani mwake ambacho kazi yake inaonekana, simu ilipolia. Siwema akaipokea na kumwekea sikioni. Ilikuwa redio ya taifa. Shaweji alikuwa amesahau kabisa kwamba ameahidi mahojiano ya moja kwa moja kuhusu sherehe.

"Wasikilizaji, tunaye Bwana Shaweji Mtambuka," alisema mtangazaji. "Bwana Mtambuka, hali ya umeme nchini ikoje?"

"Umeme upo," alisema Shaweji akipumua kwa hadhari. "Unapatikana kwa utaratibu."

"Na hapo ulipo?"

"Hapa nilipo hali ni ya joto."

"Wananchi wanasema unakatika."

"Wananchi wana haki ya..." Hapo akahisi kitu kinamgonga kwenye mbavu za kushoto, gonga dogo kama la mtu anayeomba kuingia. Likafuata gonga la pili. Kisha, ndani ya koti la Shirika, mbele ya taifa zima, sauti nyembamba ikasema: pi, pi, pi.

"Bwana Mtambuka, hiyo ni sauti gani?"

"Ni mwananchi," alisema Shaweji. "Anatoa maoni."

"Anasema nini?"

Kwa miaka yote ya kazi yake Shaweji hakuwahi kukosa neno. Alimtazama mkewe, aliyekuwa amemshikia simu kwa mkono mmoja na kujiziba mdomo kwa mkono mwingine, na hakujua kama anacheka au analia.

"Anasema ametoka gizani," akasema mwishowe. "Na kwamba ilikuwa kazi."

Mtangazaji akataka kuuliza zaidi, lakini studio nayo ikapumzika.

Umeme ulirudi saa kumi alasiri. Katika mayai ishirini ya Shaweji vilitoka vifaranga kumi na saba. Katika mayai arobaini ya mashine hakikutoka hata kimoja. Siwema aliyafungua moja baada ya jingine ili ajue. Akachimba shimo kando ya uzio, na Shaweji akasimama karibu na koti lake limelowa, kifaranga kimoja kinachungulia kwenye mfuko wa nembo.

"Hiki kilikuwa kimeshatoboa," alisema Siwema, akimwonyesha yai lenye tundu kama punje ya mtama, na ncha ya mdomo imetokeza. "Angalia. Kimeshindwa kitu kidogo tu."

Shaweji alikiangalia. Alitaka kusema jambo, na kila neno lililomjia lilikuwa limeshatumika ofisini.

"Mama Shamsa, nitakuandikia," akasema.

"Usiniandikie mimi. Mimi nimeshasoma." Akafukia shimo, akalisawazisha kwa kisigino. "Waandikie wao."

*

Jumatatu asubuhi Shaweji aliingia ofisini mapema, akavuta karatasi yenye nembo na kuandika: *Umeme hukatika.* Akaisoma. Ilikuwa barua fupi kuliko zote katika historia ya Shirika. Akaenda chooni, akarudi, akaona bado iko pale. Akapiga muhuri na kuipeleka kwa miguu mwenyewe, mbio mbio, kwa kuwa alijijua: akipata muda wa kufikiri atapiga mstari katikati ya karatasi.

Salha aliimulika kwa tochi mbele na nyuma. "Mzee," akasema, "hii umeitoa wapi?"

"Kwa yule bwana."

"Anaumwa?"

"Anaendelea vizuri," alisema Shaweji.

Kibali kilitoka siku hiyohiyo. Salha alitoa na kopi ya ile barua, kopi akamwonyesha mwenzake, na kufikia saa nane mchana watu walikuwa wamejipanga nje ya Shirika na maombi mikononi, baadhi yao wakiwa na barua zao za zamani wakidai zibadilishwe. Saa tisa Dakta Ngwali alimwita Shaweji. Bango lilikuwa limekunjwa kwenye kona. Barua ilikuwa juu ya meza, nayo meza ilikuwa kubwa sana.

"Mtambuka, hiki ni nini?"

Hapa msimulizi angependa kusema kwamba Shaweji alisimama wima na kutetea ukweli. Alisimama, ni kweli. Lakini magoti yalikuwa yanagongana, akajiona mwenyewe akirudi nyumbani na boksi la vitu vyake, na ulimi wake, uliozoea, ukaanza kazi kabla hajauruhusu.

"Mheshimiwa, naomba uangalie sarufi. Sikuandika *umekatika*. Nimeandika *hukatika*. Hiyo *hu* ni ya mazoea, haina tarehe. Hakuna siku hata moja iliyotajwa. Kwa hiyo hesabu yetu haijaguswa."

Mkurugenzi aliinama juu ya barua. Alitamka neno lile mdomoni taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

"Kwa hiyo umeme hukatika," akasema, "lakini haujawahi kukatika."

"Ndivyo sarufi inavyosema, Mheshimiwa."

"Na kesho ni siku ya elfu."

"Bila kukosa."

Dakta Ngwali alivuta pumzi ndefu, akaamuru bango lifunguliwe. Lakini alikuwa mkubwa wa siku nyingi, hakuweza kuliacha neno lipite hivihivi. Akaunda kamati ya watu kumi na mmoja kuchunguza kama *hukatika* ni neno la Shirika. Mpaka kamati iamue, barua zitaendelea kutolewa. Na Shaweji, kwa kuwa ameonyesha kipaji cha ufupi, akahamishiwa chumba cha chini chenye dirisha la barabarani, azitoe yeye.

Kamati imeshakaa mara tisa, kwenye ukumbi wa chini usio na dirisha. Mara zote tisa taa zimezimika kabla ya ajenda ya pili. Katibu akitaka kuandika kwenye muhtasari kwamba kikao kimeahirishwa kwa sababu umeme umepumzika, wajumbe wanasema ataegemea upande mmoja. Akitaka kuandika umekatika, wanasema ataegemea upande wa pili. Muhtasari hauwezi kutiwa saini bila sababu, na kikao kisicho na muhtasari hakijafanyika. Kwa hiyo kamati, rasmi, bado haijakaa, na Shaweji anapiga muhuri kutwa nzima.

Paneli za Siwema zilifungwa kwa siku mbili, kama fundi alivyosema. Shaweji alishika ngazi. Jirani mmoja alipita akanyoosha kidole juu ya bati, na kumbe alikuwa anataka kujua jina la fundi. Mkupuo uliofuata ulitoa vifaranga hamsini na vinne, na wale wanawake watatu walivibeba kwa matenga.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya ukuta, Siwema alikaa kibarazani akimsimulia mumewe jinsi mtaani wanavyomsifu. Wanasema ni mtu aliyemwambia mkubwa wake ukweli usoni. Shaweji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza habari ya sarufi, yote, bila kupunguza, pamoja na magoti.

Siwema alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo hukuwa jasiri hata kidogo."

"Nilikuwa, nilikuwa," alisema Shaweji. "Neno lina silabi nne. Tatu zilikuwa za ushujaa."

"Na ile ya kwanza?"

"Ya kwanza," alisema Afisa wa Istilahi, "ilikuwa yangu."